Muhuri wa Tarehe Kumi na Mbili

Msiba ukitokea Majengo, mchele wa kwanza kufika ulikuwa wa Theopista. Watu walishazoea. Turubai halijafungwa, wanaume bado wanabishana nani aende kuchukua viti kanisani, yeye ameshashuka kwenye bajaji na nusu gunia, khanga kiunoni, anauliza sufuria kubwa ziko wapi. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga aende msibani mikono mitupu? Bibi yake kule Mpimbwe alikuwa akisema mtu wa namna hiyo hakuja kulia, amekuja kuhesabu waliobaki. Theopista alilelewa na maneno hayo na hakuwahi kuyahoji.

Kwa hiyo ile Jumanne ya Machi, tarehe kumi na mbili, Rozalia alipozikwa na Theopista asionekane, watu walishangaa kuliko kama padri angekosekana. Rozalia hakuwa mtu wa hivihivi kwake. Walitoka kijiji kimoja, wakaja mjini mwaka mmoja, wakauza vitumbua pamoja pale stesheni ya reli wakiwa bado wasichana. Walipoolewa wakazaa mfululizo, na watoto wa huyu wakamwita yule mama mkubwa. Theopista alipofiwa na mumewe, ni Rozalia aliyehamia kwake miezi miwili na kumlisha uji kwa kijiko. Leo mtu huyo anazikwa, na yeye hayupo. Maneno yalianza kabla udongo haujakauka.

Aliyeyazima ni Damiano, mume wa marehemu. Mwezi uliofuata alipata nakala ya karatasi za mahakama, maana Theopista alikuwa na kesi na Damiano alikuwa mmoja wa wanaomdai. Akaenda nazo kwenye jumuiya. Akawaonyesha ukurasa wa mwisho.

"Someni wenyewe," aliwaambia. "Tarehe kumi na mbili Machi, ameapa mbele ya kamishna wa viapo, Sumbawanga. Alikuwa safarini. Muhuri huu hapa."

Nani atabishana na muhuri? Watu wakanyamaza, na wengine wakajuta kidogo.

Sasa, Theopista hakuwa Sumbawanga. Hilo lijulikane mapema, maana ndilo jambo lenyewe. Alikuwa nyumbani kwake Ilembo, mlango umefungwa kwa komeo, amekaa jikoni juu ya kigoda.

Mambo yalianzia kwenye paa. Wakulima wa Mpimbwe wenye akili hawauzi mpunga wakati wa mavuno, bei inakuwa ya kutupa. Wanauleta mjini kwenye mashine, wanauacha ghalani, wanasubiri mpaka Desemba au Januari bei ichangamke ndipo wakoboe. Mkataba hakuna. Kila familia inashona mdomo wa gunia kwa uzi wa rangi yake, na mwenye mashine anajua uzi huu wa nani na ule wa nani. Theopista alizijua nyuzi zote kama mwalimu anavyojua sura za darasa lake. Uzi wa Rozalia na Damiano ulikuwa wa zambarau, Rozalia aliufumua kwenye sweta kuukuu la shule la mwanawe.

Mchana mmoja wa Desemba upepo ukaja na mvua, ukanyanyua mabati ya ghala na kuyatupa mpaka relini. Mvua ikanyesha siku tatu bila kupumzika. Mafundi walipopatikana mpunga ulikuwa umeshachipua ndani ya magunia, majani mabichi yanachungulia kwenye nyuzi. Kuna mkulima alikaa chini akacheka, akacheka, mpaka mkewe akaja kumwinua.

Ghala lile lilijengwa kwa mkopo, na mkopo dhamana yake ilikuwa mashine. Basi ghala limekufa, mpunga umekufa, marejesho yamesimama. Mtu mwingine angepanda basi alfajiri akahamia Tunduma, simu akaizima. Theopista akavaa gauni lake la kanisani akaenda kutafuta wakili.

Wakili aliitwa Nashon. Ofisi yake ilikuwa Sumbawanga, ila Jumamosi moja moja alikuja mjini kwetu Mpanda na kupokea wateja kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa. Alikuwa na sauti nzuri na viatu vizuri. Alimweleza taratibu.

"Mama, tuiombe Mahakama Kuu ikutangaze mufilisi. Mkopeshaji atachukua mashine, hiyo ni haki yake. Lakini kiwanja, ghala na lori lako vitauzwa na msimamizi wa mahakama, kila anayekudai apate fungu lake. Usipofanya hivyo, mkopeshaji atazoa vyote, kwa sababu yeye ana madalali na wale wakulima wako wana nini?"

"Wana nyuzi," Theopista alisema.

Wakili hakuelewa, lakini yeye alikuwa ameelewa vizuri sana. Hakutaka kukimbia deni. Dawa ya deni ni kulipa, hilo hata mtoto anajua. Alichotaka ni kila mwenye uzi apate chochote, kidogo lakini kwa usawa, ili siku moja aweze kupita sokoni Majengo ameinua uso. Kesi ile ilikuwa njia yake pekee ya kurudi kwa watu.

"Ila kuna sharti," Wakili Nashon aliongeza. "Kuanzia leo, mdai yeyote usimpe kitu. Hata sado moja ya mchele. Ukimpa mmoja ukawaacha wengine, watasema umempendelea, na kesi itaharibika. Tena ni heri usionane nao kabisa. Usiwatembelee, usiwapokee, simu zao usishike."

"Wakili, hapa mjini wananidai wote. Mpaka mwalimu wa kwaya."

"Basi wote, mama."

Naye akatii. Wasomi wakisema, sisi wengine tunatikisa kichwa, huo ndio ugonjwa wetu. Alianza kusali misa ya kwanza kwenye kigango cha mbali ambako hakuna anayemjua. Sokoni alikwenda saa ya jua kali wakati watu wamejificha vivulini. Rozalia alikuja mara mbili Ilembo, akagonga, akaita jina lake lile la utotoni, Theopista akabana pumzi nyuma ya mlango. Mara ya pili Rozalia aliacha sahani ya vitumbua juu ya ngazi, imefunikwa kawa. Sahani ile hakuirudisha. Angeirudishaje, na sahani hairudi tupu?

Mwanzoni mwa Machi wakili alipiga simu kwamba kiapo, ile karatasi ya kuunga mkono maombi yake, kiko tayari, atakituma. Huku kwetu kitu chochote kinaweza kupanda basi bila mwenyewe: dawa, simu mbovu, jogoo, dagaa wa Karema. Unamkabidhi kondakta, unampigia mtu wa upande wa pili, imekwisha. Kiapo nacho kikapanda basi. Ijumaa Theopista alichukua bahasha stendi, akaifungua juu ya meza yake, akasaini pale palipowekwa alama ya kalamu, akairudisha kwa kondakta yuleyule. Hakuinua mkono, hakushika Biblia, hakumwona kamishna yeyote. Alidhani ndivyo siku hizi watu wanavyoapa.

Jumapili ile Rozalia akaanguka bafuni kwa presha na hakuamka.

Habari alizipata kwa Generosa, jirani yake muuza mkaa, ambaye hakulima mpunga na kwa hiyo alikuwa mtu pekee Ilembo ambaye Theopista aliruhusiwa kumsalimia. Alipiga kelele moja tu. Halafu akaingia ndani, akapima mchele nusu gunia, akaufunga, na alipomaliza kuufunga ndipo akakumbuka kwamba Damiano anamdai.

Akampigia wakili. Wakili alikuwa na watu.

"Mama, nimeshakueleza. Ukipeleka mchele nyumbani kwa mdai, usije kunilaumu baadaye."

Aende bila mchele, basi? Usiku na mchana alijiuliza hivyo. Aingie kwa Rozalia mikono inaning'inia, mbele ya watu aliowaozeshea mpunga, akae nao mkekani ale wali ulioletwa na wengine? Mwisho akaona ni afadhali asionekane kabisa kuliko aonekane hivyo. Ilikuwa aibu, na wala hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Barabara ya kwenda makaburini inapita mbele ya nyumba yake. Jumanne ile, tangu asubuhi, mikono ilikataa kutulia. Akawasha moto. Akateleka sufuria kubwa, ile ya misiba, akamimina mchele, akaukoroga kwa mwiko mrefu kama anapikia watu mia. Kwaya ilipokaribia akachungulia kwenye ufa wa dirisha. Aliliona lori dogo lenye jeneza, na Damiano amesimama nyuma ameshika ubavu wa bodi, kichwa wazi, anatazama mbele. Likapita. Theopista alirudi kwenye sufuria akakuta wali umeungua chini. Siku nne alikuwa akiwapa kuku wali wa msiba.

Na kule Sumbawanga, siku hiyohiyo, kamishna wa viapo, rafiki wa wakili, alikuwa akigonga muhuri: ameapa mbele yangu, hapa Sumbawanga, leo tarehe kumi na mbili.

Theopista aliujua muhuri ule mwezi wa nne, Generosa alipokuja kumweleza kwamba Damiano amewatuliza watu. Akafungua nakala yake, akatafuta ukurasa, akauona. Wino wa bluu, umekolea. Alijua pale pale kwamba ni uongo, na kwamba alipaswa kumpigia wakili. Hakupiga. Ule muhuri ulimfaa. Ulimtoa nyumbani siku ambayo hakupaswa kuwa nyumbani. Alikunja karatasi akairudisha kwenye bahasha, na kwa mara ya kwanza tangu Machi alilala vizuri kidogo, Mungu amsamehe.

Miezi ikapita. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Mwanawe wa Dodoma alipiga simu kila Jumapili baada ya misa, wakazungumza hali ya hewa. Siku nyingine sita hazikuwa na sauti ya mtu. Alianza kuwasalimia kuku kila asubuhi, kwanza kwa utani, baadaye si kwa utani. Jogoo mmoja alipougua alimkesha. Mwezi wa tisa alijikuta amesimama mbele ya duka, muuzaji anamuuliza anataka nini, na yeye neno "sukari" limemkwama kooni, kwa kuwa siku tano hakuwa ametumia mdomo. Akaonyesha kwa kidole.

Alijipa moyo kwa kitu kimoja. Kesi ikiisha, lori na kiwanja vikiuzwa, kila mwenye uzi akipata fungu lake, sharti litakwisha. Atakwenda kwa Damiano na gunia zima. Atasema, shemeji, nilikuwa safarini, nisamehe. Maneno yenyewe alishayapanga.

Shauri lilisikilizwa Novemba, mvua za kwanza zimeshanyesha. Siku hizi jaji anaweza kukaa Sumbawanga na watu wakakaa Mpanda wakimwangalia kwenye skrini ukutani. Chumba kilikuwa kidogo. Mbele alikaa Theopista na Wakili Nashon. Upande wa pili alikaa wakili wa mkopeshaji, binti mdogo anaitwa Jeniffer, mwenye faili nene na kikohozi. Nyuma walikaa wenye mpunga kama kumi na wawili, na katikati yao Damiano, kwa kuwa ndiye waliyemchagua awasemee. Alikuwa amekonda. Theopista hakugeuka kumtazama, alijua tu.

Jeniffer akasimama. "Mheshimiwa Jaji, kabla hatujaingia kwenye maombi yenyewe, tuna mashaka na kiapo. Tunaomba mleta maombi aulizwe aliapa wapi na mbele ya nani."

Hakuwa na ushahidi wowote. Alibahatisha. Naye ni mwanasheria wa bara, anajua karatasi hupanda basi. Wakili Nashon aliruka juu kupinga, akanukuu vifungu viwili, lakini jaji alishavua miwani.

"Mama Theopista. Unanisikia?"

"Nakusikia, Mheshimiwa."

"Kiapo chako kinasema uliapa Sumbawanga tarehe kumi na mbili Machi. Ni kweli?"

Wakili Nashon aliinama kana kwamba anaokota kalamu. "Sema ndiyo," alinong'ona. "Ndiyo tu."

Neno moja. Na tazama neno lenyewe lilivyokuwa limebeba: kiwanja, lori, mafungu ya watu kumi na wawili waliokaa nyuma yake. Lilibeba na kile kivuli alichojificha miezi minane. Akisema ndiyo, alikuwa safarini, na Damiano yuko pale anasikia kwa masikio yake. Alifungua mdomo kulisema. Lakini kabla ya kuanza walikuwa wamempa Biblia, safari hii kwelikweli, na kiganja bado kilikuwa na joto la lile jalada. Aliona kwamba akisema ndiyo, Rozalia atakuwa amezikwa na yeye yuko Sumbawanga, milele, na hakutabaki mtu duniani anayejua kwamba alikuwa jikoni anakoroga wali.

"Hapana," akasema. "Sikwenda Sumbawanga. Nilisaini mezani kwangu Ilembo, Ijumaa ya nyuma yake, nikakituma kwa basi."

Nyuma benchi likalia.

"Una hakika na siku hizo? Tarehe kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Nina hakika, ndiyo siku aliyozikwa Rozalia."

"Kwa hiyo ulikuwa msibani," jaji alisema, anaandika. Hata yeye alikuwa anamfungulia mlango bila kujua.

"Hapana, Mheshimiwa. Sikwenda. Nilijifungia ndani. Walipita na jeneza mbele ya nyumba yangu, nikawaona dirishani."

Jaji aliacha kuandika. "Kwa nini?"

"Mumewe ananidai. Nilikatazwa kuonana na wanaonidai."

"Ulikatazwa na nani?"

Theopista aligeuza macho kwa wakili wake. Wakili Nashon alikuwa anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. Jaji alimtazama kwa muda kupitia ile skrini, kisha akarudi kwa Theopista, na sauti yake ikawa ya chini zaidi.

"Mama, hakuna sheria inayomkataza mtu kwenda kuzika."

Yaliyobaki hayakuchukua dakika kumi. Kiapo ambacho hakikuapwa mbele ya mtu si kiapo, jaji alisema, na maombi yaliyosimama juu yake hayana miguu. Shauri likaondolewa mahakamani. Wakili ataeleza kwa maandishi ilikuwaje, na kamishna naye. Skrini ikazimika, ikabaki nyeusi na nyuso zao ndani yake.

Barazani Wakili Nashon alimfuata kwa hatua ndefu. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekosea na anajua.

"Neno moja, mama! Neno moja tu lilikushinda? Sasa kesho madalali watafunga ghala. Wale wakulima wako umewaua mwenyewe."

Theopista alimtazama viatu. "Wewe ulisema nisiende kuzika."

"Nilisema usipeleke mchele!"

"Nilikuuliza nikiwa nimeshaufunga," alisema. "Ungeniambia tu, mama nenda, acha mchele. Hayo nayo ni maneno machache."

Akamwacha amesimama. Wenye mpunga walikuwa wakitoka. Mwalimu wa kwaya alipita bila kugeuza shingo. Mama mmoja wa Usevya alisimama mbele yake, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Kumbe ulikuwepo," akaenda zake. Damiano alikuwa ameshaondoka. Ua la mahakama likabaki na bodaboda wawili wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda. Theopista alikaa kwenye ukuta mfupi wa maua. Alilia kidogo, si kwa ajili ya kesi. Alikuwa na upweke ambao mpaka asubuhi ile uliitwa sharti la wakili, na sasa hata jina hilo limeondolewa. Miezi yote ile mlango ulikuwa unafungwa kwa ndani tu.

Alipoinuka hakushika njia ya Ilembo. Alipita sokoni, saa ambayo watu wamejaa, akashuka Majengo. Mara mbili alisimama mbele ya maduka ya mchele, kwa mazoea tu, mkono ukienda kwenye mkoba. Mkoba ulikuwa na nauli na kitambaa. Akaendelea. Hakuwahi kuona mikono yake ilivyo mikubwa ikiwa haijabeba kitu.

Damiano alikuwa barazani kwake, bado amevaa shati la mahakamani, ungo mapajani. Mwanamume mzima anachambua mchele peke yake. Kando yake lilikuwa gunia lililolegea, mdomoni kipande cha uzi wa zambarau. Theopista aliujua ule mchele kabla hajaufikia, kwa harufu. Ni ule ulioloa. Damiano alikuwa ameuchukua ghalani, akauanika, akautwanga, na mwaka mzima alikuwa anaula, anatoa punje nyeusi moja moja.

"Hodi, shemeji."

"Karibu."

Hakuinua kichwa. Theopista alisimama chini ya ngazi. Yale maneno aliyoyapanga, ya safari na msamaha, hayakuwa na kazi tena, na mengine hakuwa nayo.

"Nimekuja kutoa pole," alisema. "Sina kitu mkononi."

"Naona."

"Kesi nimeiua. Madalali wanakuja kesho. Hamtapata kitu."

"Nilikuwepo, shemeji. Nilisikia." Damiano alitoa punje mbili, akazitupa kwa kuku. "Hayo ya kuwa nyumbani nilikuwa nayajua. Tulipopita kwako niliona moshi unatoka jikoni."

Theopista alishika nguzo ya baraza.

"Uliona? Na ukawaambia watu nilikuwa Sumbawanga?"

"Karatasi ilisema hivyo, si mimi." Akatoa punje nyingine. "Rozalia alikwenda kwako mara ya pili akarudi bila sahani. Akaniambia, yupo ndani, nimemsikia anavyobana pumzi, ana aibu, tumwache atatoka mwenyewe. Basi nami nikasema nimwache. Ningekusema kwa watu ungetoka?"

"Alijua niko ndani."

"Alijua."

Hapo ndipo kilio kilipomjia, kile alichokikata katikati siku ile Generosa alipoleta habari. Hakikuwa kizuri. Kilikuja na sauti ya kijijini, ile ndefu, na mlango wa pili watoto walitoka kutazama nani amekufa. Alimwita Rozalia kwa jina lake la utotoni, akamweleza habari za sahani, akamweleza habari za wali. Damiano hakumnyamazisha. Alisogeza tu gunia ili njia ionekane.

Alipoishiwa, Theopista alijifuta uso kwa ncha ya khanga na kutazama baraza. Mahali pa turubai, pa viti, pa akina mama na sufuria zao, palikuwa na ndoo na fagio.

"Nimechelewa, shemeji. Msiba umeshaisha."

"Haujaisha," Damiano alisema. "Watu ndio waliondoka."

Theopista alivua viatu. Akapanda ngazi, akaketi chini sakafuni, miguu ameinyosha mbele kama wanawake wanavyokaa msibani, mahali ambapo angekaa mwezi wa tatu. Akanyoosha mikono. Damiano alimpa ungo. Akaupepeta mara mbili, akaupuliza, akaanza kutoa punje nyeusi, na kabla hazijafika kumi akauliza sufuria ziko wapi.